Usiseme Neno Mpaka Nije

2 Machi

Mjukuu wangu Futi,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, na uzisome mpaka mwisho kabla hujarukia habari, maana nakujua. Barua huanza na salamu. Mtu hasemi "mkasi umepotea" kabla hajamjulia mwenzake hali. Mimi ni mzima. Cherehani ni nzima. Paka wa fundi viatu amezaa ndani ya kapu letu la vitambaa, watoto wanne, na fundi viatu mwenyewe anapita hapa anajifanya hamjui huyo paka.

Duka linaenda. Koti la karani wa posta limenitoa jasho, bega moja limekaa juu kama mtu anayesikiliza umbea. Nimelitia uzi mwekundu, liko kwenye msumari wako linakungoja. Nilijaribu kumpa msichana wa jirani, akafumua mpaka mfuko ambao haukuwa na kosa. Hajui sheria yetu. Penye uzi mwekundu pafumuliwe, pasipo nao paachwe, na hakuna kuuliza. Miaka kumi na tano umekaa pembeni ya cherehani ukinifumulia, hujaniuliza hata siku moja nani alikosea, ndiyo maana tumeelewana.

Sasa jambo lenyewe. Hakimu alikuuliza kama ulimpiga yule askari kiwiko cha mdomo, ukasema ndiyo. Akakuuliza unajuta, ukasema hapana, alinishika shingo kwa nyuma. Watu wazima wote mle ndani wakakutazama kana kwamba umevua nguo. Hiyo kweli yako ndiyo iliyokupa mwaka mzima. Huko uliko kuna watu wa kila aina, huyu atauliza hiki, yule atauliza kile, nawe utajibu kila kitu kama kilivyo, watakumaliza. Kwa hiyo nilichokuambia ukipanda lori la gereza nakirudia. Usiseme neno na mtu mpaka nije. Nitakuja mwisho wa mwezi huu.

Na wewe afande unayesoma barua hii kabla yake, najua upo. Nimeikunja mara tatu. Ikunje ulivyoikuta.

Bibi yako

29 Machi

Bibi,

Salamu. Nimeanza na salamu.

Mimi ni mzima isipokuwa sikio la kushoto.

Tunalala watu 64 katika chumba kilichoandikwa mlangoni watu 30. Ukuta mrefu una shibiri 52. Redio iko juu ya mlango na haizimwi mchana kutwa. Taa ya katikati inalia. Wengine hawaisikii.

Asubuhi tunachuchumaa nje watano watano. Nyapara, ambaye ni mfungwa aliyepewa kutusimamia, anapita akigusa vichwa, na kila mtu anataja namba yake. Yangu ni 412. Mimi siitaji kwa sababu umesema nisiseme neno. Hesabu haitimii, tunahesabiwa tena. Jumanne tulihesabiwa mara nne na mvua ilikuwa inanyesha. Wenzangu hawapendi.

Nimefanya ulivyosema. Ni siku 43.

Mwisho wa mwezi ni keshokutwa. Utakuja saa ngapi?

Futi

20 Aprili

Futi,

Salamu nyingi. Salamu zako zilikuwa kama za mtu anayekimbia mbwa, lakini nimezipokea. Hapa hatujambo. Paka wadogo wamefumbua macho na mmoja analala juu ya pasi ikishapoa.

Sikuja. Nilikuwa na kazi. Kazi ni nyingi, na usiniulize kazi gani, kwani umesahau duka la ushonaji lilivyo? Nitakuja mwezi ujao.

Sikio limefanya nini? Unaandika shibiri za ukuta mstari mzima, halafu sikio unaliacha mlangoni. Nani amekugusa sikio? Uniandikie.

Umefanya vizuri kunyamaza. Endelea hivyo hivyo. Kuhusu namba, waonyeshe kwa vidole, vinne, kimoja, viwili, hata mtoto ataelewa. Na ule. Najua ukiona mboga imegusana na chakula unasukuma sahani. Huko hakuna bibi wa kukutengea, fumba macho umeze.

Karani wa posta anauliza koti lake kila anapoleta barua. Nimemwambia mfumuaji wangu yuko safarini. Amekohoa, akaondoka.

Bibi yako

30 Juni

Bibi,

Salamu.

Mwezi wa tano sikuandika kwa sababu chumba nilichokuwamo hakina karatasi.

Sikio walilipiga wenzangu kwa sababu ya kuhesabiwa kwenye mvua ile Jumanne. Limepona.

Nilionyesha vidole vinne, kisha kimoja, kisha viwili. Afande Mkuu alisema namdhihaki. Aliniambia nimtazame machoni. Macho yake yanasogea. Nilitazama kifungo cha pili cha shati lake, ambacho kimeshonwa kwa uzi wa kahawia na vingine vyote kwa uzi wa kijani. Alinishika kidevu. Nilianguka nikapiga kelele isiyo na neno ndani yake. Kelele bila neno hukuikataza.

Waliniweka chumba cha peke yangu siku 14. Kilikuwa kizuri. Hakina redio. Kisha walinirudisha, na chumba cha watu 64 kilikuwa na sauti zaidi kuliko mwanzo. Kichwa changu kina vidonda viwili. Hakuna aliyenipiga. Ni ukuta, na mimi.

Kwenye daftari wameandika MKAIDI. Nililisoma kutoka upande wa pili wa meza.

Kamati itakaa tarehe 20 Septemba. Mfungwa asiye na makosa hupunguziwa theluthi ya kifungo. Nikipunguziwa nitatoka tarehe 14 Oktoba. Nisipopunguziwa ni tarehe 14 Februari. Asiyejibu maswali ya kamati hapunguziwi.

Sitaweza kufika Februari katika chumba kile. Nimepima.

Barua yako ya pili ilikunjwa mara nne. Wewe hukunja mara tatu. Nani aliikunja? Na herufi zako zinateremka upande wa kulia. Zamani hazikuteremka. Ulisema utakuja mwezi ujao. Mwezi ujao ulikuwa wa tano. Umekwisha.

Futi

11 Julai

Futi,

Leo salamu ni fupi na usinihesabie.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nikifika pale ulipoandika "nimepima" naiweka chini. Sijawahi kukuona ukipima kitu ukakosea. Hilo ndilo linalonitoa jasho.

Sasa nisikilize. Sema. Nakuruhusu. Ukiitwa namba, taja namba. Kamati ikiuliza, jibu. Umesikia? Hayo ni yako. Yanayofuata si yako.

Wewe afande wa barua. Vuta kiti. Mimi sikuvuka darasa la tatu, lakini huyu mtu nimemlea tangu ana miaka minne, mama yake alipofariki, na namjua kuliko daftari lenu. Mkaidi ni yule anayekusikia akakataa. Huyu anakusikia akatii mpaka unajuta kwa nini ulisema. Mimi ndiye niliyemwambia asifungue mdomo. Miezi mitano hajaufungua. Nionyeshe mmoja kati yenu mliovaa sare anayeweza kutii hivyo.

Kalamu unayo, andika. Usimguse kwa nyuma. Simama mbele, mwambie nitakushika mkono, kisha mshike. Ukianza kumshika utapata kiwiko, na askari aliyeng'oka jino anaweza kukusimulia. Msimtake awatazame machoni. Mwizi aliyeingia dukani kwangu mwaka juzi alinitazama machoni vizuri sana. Jambo likibadilika aambiwe mapema. Usimwambie "subiri kidogo", kidogo hakijui, mwambie dakika kumi, na ziwe kumi kweli. Mboga iwekwe pembeni ya chakula, isimwagwe juu. Mimi nilimwambia afumbe macho ameze, nilisema upuuzi, futa hiyo. Redio ikimzidi, apewe kona na kitambaa cha kuziba masikio. Akianza kujigonga msimrundikie watu. Mpeni nguo mbovu afumue mishono. Nusu saa tu, utampata mtu umpendaye.

Na msiseme nadekeza. Cherehani yangu lazima ulisukume gurudumu kwa mkono kwanza ndipo ukanyage. Wewe ukija ukakanyaga tu, uzi utakatika, utasema ni mbovu. Nimewashonea watu miaka arobaini kwa hiyo mbovu.

Mambo ya kukunja, Futi, achana nayo.

Bibi yako

2 Agosti

Bibi,

Salamu. Natumaini wewe na cherehani na paka hamjambo. Afande wa barua alisema niongeze hiyo.

Alisoma barua yako mezani mbele yangu. Alicheka kwenye mwizi. Kisha hakucheka. Aliichukua akaipeleka kwa muuguzi wa gereza. Muuguzi alikuja, akasimama mbele, akasema, "Nitakaa kwenye kiti hiki. Sitakugusa." Alikaa kwenye kiti hicho. Hakunigusa.

Aliniuliza maswali 40, nami niliandika majibu, kwa sababu kuandika hukukataza. Anasema hali yangu ina jina, usonji. Anasema si wazimu na si ukaidi, ni namna ubongo ulivyojengwa tangu tumboni. Anasema humu huenda tuko kadhaa na hakuna aliyetutambua. Kuna mmoja chumba cha pili anapanga mawe kwa ukubwa na wenzake huyapiga teke. Muuguzi aliuliza kama mimi nilipimwa nikiwa mtoto. Niliandika sijui. Nilipimwa?

Sasa nakaa mwisho wa mstari. Nyapara ananionyesha mkono kabla, nami nainua kadi yenye namba. Tunahesabiwa mara moja. Nalala kona iliyo mbali na redio. Mchana niko karakana ya ushonaji, nafumua sare za zamani. Vidonda vimekauka.

Lakini Afande Mkuu anasema kamati haisomi kadi. Anasema anayeandika anaweza kuongea, na anayeweza akakataa ni mkaidi. Neno liko pale pale kwenye daftari. Zimebaki siku 49.

Umeandika niseme. Nilijaribu. Hakikutoka kitu. Mwizi wa mwaka juzi aliniambia, "Bibi yako amesema unipe suti ya bluu." Nikampa, na hukuwa umesema. Siku ile ulitoa sheria, kwamba ulichosema kwa mdomo wako hakifutwi na mtu ila mdomo wako. Barua si mdomo. Na barua hii pia imekunjwa mara nne.

Njoo.

Futi

25 Agosti

Mjukuu wangu Futi,

Salamu zangu, na za fundi viatu, ambaye hatimaye amekubali kwamba paka ni wake kwa sababu nimemwambia nitawagawa. Msalimie muuguzi. Msalimie na huyo wa mawe. Waambie waache kumpigia teke mawe yake, yamewakosea nini?

Nimekaa na barua yako wiki mbili.

Usonji. Nimelitamka hapa dukani peke yangu, kisha mbele ya fundi viatu. Dari halikuanguka.

Umeuliza kama ulipimwa. Ulipokuwa darasa la pili, yule mwalimu mwembamba alikuja dukani na karatasi ya kukupeleka hospitali kubwa. Alisema mtoto ana akili, ila imepangwa vingine, atazamwe ili tujue namna ya kumsaidia. Nilimtoa nje na mkasi mkononi. Nilisema mjukuu wangu si kitu cha kutazamwa. Karatasi aliiacha mezani. Sikuichana. Imekaa kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo, miaka kumi na saba. Kama ingekuwa mkononi mwa hakimu siku ile, sijui. Hiyo "sijui" ndiyo ninayolala nayo. Nimeitia ndani ya bahasha hii. Afande, mpe muuguzi, kamati waone tarehe na muhuri.

Sasa kukunja. Anayekunja ni fundi viatu, na nimemwambia mara tatu akasema mara nne ni nadhifu zaidi. Tarehe tatu Machi nilikuwa natoka kwenda kuulizia basi la kuja kwako, nikateleza kwenye ngazi ya duka. Nyonga imevunjika. Naandika nikiwa nimelalia ubavu, ndiyo maana herufi zinateremka. Duka linafunguliwa na msichana wa jirani, mimi naamrisha kutoka kitandani. Daktari anasema nitasimama na magongo mwakani, labda, na safari ya saa tisa ndani ya basi nisiitaje mbele yake. Sikukuambia kwa sababu ungeanza kuhesabu, na nilidhani nitapona kabla hujafika mbali.

Sitakuja, Futi. Si mwezi ujao wala mwingine. Mdomo wa kukuletea sina.

Lakini kabla ya sheria ya mdomo tulikuwa na nyingine ya zamani zaidi. Ndani ya bahasha kuna kipande cha shuka nyeupe. Nimeandika juu yake kwa wino maneno yale ya kwenye lori, yote matano, "usiseme neno na mtu", na "mpaka nije" chini yake. Kisha nimeyapitishia uzi mwekundu kwa mkono wangu mwenyewe, mishono kumi na moja. Mshono wangu unaujua. Fundi viatu hawezi kushona hivyo hata umfungie mwaka. Na uzi mwekundu unajua unasema nini, kwa hiyo usinilazimishe kuliandika hilo neno hapa, kuna afande anasoma.

Afande, najua uzi hauruhusiwi. Ni shibiri mbili, hata paka hatoroki nao. Usiukate. Ukiukata wewe itakuwa bure. Afumue yeye.

Bibi yako

24 Septemba

Bibi,

Salamu. Natumaini wewe, cherehani, paka na nyonga hamjambo. Nyonga nimeiongeza mwenyewe.

Uliandika maneno yote matano. Ni sita. Usiseme, neno, na, mtu ni manne, na mpaka na nije ni mawili. Nimekusahihisha kwa sababu nilikuwa nayatazama sana.

Bahasha ilifika tarehe 4. Afande Mkuu aliufungia uzi kabatini siku 12. Afande wa barua alimwendea mara tatu. Muuguzi alimwendea mara moja na alitoka amefunga mlango kwa nguvu. Tarehe 16 niliitwa mezani. Afande wa barua aliweka kitambaa mbele yangu akasema, "Nina dakika ishirini. Fumua hapa hapa nikuone."

Nilianzia kulia. Mshono wa saba ulikuwa umelegea, nadhani ulipumzika pale. Nilimaliza dakika ya tisa. Uzi niliuviringisha nikampa.

Nikasema, "Mia nne kumi na mbili." Sauti ilikuwa kama mlango wa duka kabla hujautia mafuta. Afande wa barua alisimama, akakaa, akasema, "Hebu rudia." Nikarudia.

Tarehe 20 kamati ilikuwa na watu watano. Muuguzi aliwapa karatasi yake na ya mwalimu mwembamba. Aliwaambia wasiniulize maswali mawili kwa pamoja. Mwenyekiti aliuliza, "Miezi saba hukusema neno. Kwa nini?"

Nilitazama kalamu yake nikasema, "Bibi yangu alikosea."

Nilieleza uzi mwekundu kwa dakika sita. Waliomba niache. Kisha waliuliza kama najuta kumpiga yule askari. Nilisema najuta jino, na kwamba angesimama mbele yangu nisingempiga. Walitazamana. Walitazamana hivyo hivyo siku ya hakimu, na mikono yangu ilianza kutafuta kitu cha kufumua. Muuguzi alinipa leso yenye pindo. Nilifumua pindo.

Afande Mkuu aliulizwa kuhusu neno la kwenye daftari. Alisema, "Hakuna aliyetuambia."

Siku tatu nilisubiri. Jana jibu lilikuja. Theluthi nimepewa. Neno limekatwa mstari mmoja na juu yake muuguzi ameandika lingine. Yule wa mawe atapimwa wiki ijayo. Nimeombwa nimfundishe kufumua kabla sijaondoka.

Nitatoka tarehe 14 Oktoba saa tatu asubuhi. Nitafika saa kumi na mbili jioni kama basi halitaharibika. Likiharibika nitachelewa, na nakuambia mapema. Koti la karani wa posta usimpe mtu mwingine.

Usije kituoni. Usishuke ile ngazi. Kaa hapo ulipo mpaka nije.

Kuongea unaruhusiwa.

Futi